Mada ya Tatu

Ijumaa tarehe 9 Juni 1854, mchana, kijana wa miaka 27 katika mji wa Göttingen, Ujerumani, alipata habari kwamba mtihani wake ungefanyika kesho yake saa 4:30 asubuhi. Alikuwa ameusubiri kwa miezi kadhaa. Aliyekuwa na kauli ya mwisho juu yake alikuwa mzee mgonjwa, na mzee huyo alishamwomba avute subira hadi Agosti, huenda afya ikarudi. Kijana akaendelea kumbembeleza. Ndipo ghafla mzee akaamua: kesho, jambo hili liishe.

Kijana huyo ni Bernhard Riemann. Ukipita katika darasa la hisabati la chuo kikuu chochote utakutana na jina lake. Kuna integrali ya Riemann, anayokutana nayo mwanafunzi anayetaka kujua kwa uhakika eneo lililo chini ya mstari uliopinda ni nini hasa. Kuna nadharia-tete ya Riemann kuhusu namba tasa, ambayo hadi leo hakuna aliyeithibitisha wala kuikanusha. Kuna jiometri ya Riemann, ambayo bila hiyo Albert Einstein asingeweza kuandika nadharia yake ya mvutano. Lakini Juni 1854 hakuwa na haya yote. Alikuwa na shahada ya uzamivu aliyoitetea Desemba 1851, afya dhaifu, na karatasi chache alizomaliza kuziandika siku zilezile.

Ili kuelewa kwa nini alibembeleza mtihani uwahi, inabidi kwanza kuelewa kazi aliyokuwa akiitafuta. Katika vyuo vikuu vya Ujerumani vya wakati huo, shahada ya uzamivu haikumpa mtu ruhusa ya kusimama mbele ya darasa. Alitakiwa aandike tasnifu ya pili, nzito kuliko ya kwanza, kisha atoe mhadhara wa majaribio mbele ya kitivo kizima. Akifaulu, aliitwa Privatdozent, yaani mwalimu mwenye haki ya kufundisha asiyekuwa na mshahara. Kipato chake kilitoka kwenye ada za wanafunzi watakaochagua kuingia darasani kwake. Wakija wawili, atakula ada za wawili. Wasipokuja, basi.

Yeyote aliyewahi kufundisha kozi za muda, akilipwa kwa kozi, huku fomu ya malipo ikizunguka kutoka meza hadi meza, ataielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.

Riemann hakutoka kwenye familia ya kumsubiri. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri katika kijiji cha Quickborn, karibu na mto Elbe, na alikuwa na watoto sita. Mama alifariki mwaka 1846, mwaka uleule Bernhard alipoingia Göttingen. Aliandikishwa kusomea teolojia ili afuate nyayo za baba. Kisha akaandika nyumbani kuomba ruhusa ya kuhamia hisabati, na baba akakubali. Ruhusa hiyo ilikuwa na gharama yake. Mchungaji alikuwa na uhakika wa mkate, lakini mwanahisabati asiye na cheo hakuwa nao. Miaka minane baadaye, mtoto huyo wa mchungaji alikuwa bado anatafuta haki ya kufundisha bila mshahara.

Tasnifu ya pili aliikabidhi mapema Desemba 1853. Ilihusu namna ya kuandika fomula za mawimbi kwa kujumlisha mawimbi mepesi mengi, na ndani yake, kama hatua ya njiani tu, ndimo ilimo integrali inayobeba jina lake. Ilibaki kutoa mhadhara. Utaratibu ulimtaka mgombea apeleke mada tatu, na kitivo kichague moja. Kwa desturi ilichaguliwa ya kwanza. Riemann alikuwa amejiandaa vizuri kwa mada mbili za kwanza. Ya tatu, kuhusu dhana zilizo kwenye misingi ya jiometri, alikuwa bado hajaiandaa.

Mzee akachagua ya tatu.

Mzee huyo alikuwa Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati aliyeheshimiwa kuliko wote Ulaya, na kuvunja desturi kwake hakukuwa mchezo wa kumtesa mwanafunzi. Kwa miongo mingi Gauss alikuwa amefikiria swali hilohilo: je, jiometri ya Euclid, iliyofundishwa kwa zaidi ya miaka 2,000, ndiyo pekee inayowezekana? Alishajiridhisha kwamba siyo. Hakuchapisha. Mwaka 1829 alimwandikia rafiki yake, mnajimu Friedrich Bessel, kwamba anaogopa kelele za wasioelewa. Wengine wawili, Nikolai Lobachevsky kule Urusi na János Bolyai kule Hungaria, walichapisha fikra za namna hiyo bila kusikilizwa sana. Sasa Gauss alikuwa na umri wa miaka 76, na mbele yake kilikaa kipande cha karatasi ambapo kijana mwenye haya nyingi alikuwa ameandika, katika nafasi ya tatu, swali lake mwenyewe la maisha yote.

Tarehe 28 Desemba 1853 Riemann alimwandikia ndugu yake Wilhelm, aliyefanya kazi ya posta huko Bremen. Alimweleza kwamba sasa amekwama tena, kwa kuwa mada iliyochaguliwa ndiyo aliyokuwa hajaiandaa.

Kilichofuata ni majira ya baridi ambayo msomi yeyote kijana atayatambua. Kulikuwa na mhadhara wa kuandaa. Kulikuwa na kazi ya kusaidia wanafunzi katika mazoezi ya fizikia ya Wilhelm Weber, yule mwanafizikia ambaye mwaka 1833 alishirikiana na Gauss kutandaza waya wa telegrafu juu ya mapaa ya mji huohuo. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo hakuna aliyemtuma: Riemann alitaka kupata sheria moja inayounganisha umeme, sumaku, mwanga na mvutano. Mara tu alipokabidhi tasnifu alilirudia hilo, na likamshika kiasi kwamba hakuweza kuliacha. Akawaza mno. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, akawa anajifungia chumbani. Mwishowe akaugua, na mhadhara ukasimama.

Hapo ndipo mwezi wetu unapoanzia. Mwaka huo Pasaka iliangukia tarehe 16 Aprili na Pentekoste tarehe 4 Juni. Baada ya Pasaka Riemann alihamia kwenye nyumba ya bustanini. Akapata hewa, hali ya hewa ikatengemaa, afya ikarudi kidogo. Aliweka kando umeme na mwanga, akakaa na mada ya tatu peke yake. Ilipokaribia Pentekoste alikuwa amemaliza.

Aliandika nini katika wiki hizo? Fundi wa ukindu anaweza kutusaidia kueleza. Ukimwona akishona mkeka wa duara, utamwona anauzungusha ukili na kuushona, mzunguko baada ya mzunguko, kutoka katikati kwenda nje. Kila mzunguko ukipata urefu wake, mkeka unalala bapa sakafuni. Fundi akiubana ukili, mzunguko ukawa mfupi kuliko unavyodai, ukingo unaanza kuinuka na kazi inageuka kuwa kawa la kufunikia chakula. Akiulegeza, mzunguko ukawa mrefu kupita kiasi, ukingo unajikunja mawimbi kama pindo la gauni.

Sasa mfikirie sisimizi anayeishi juu ya ukili huo, asiyeweza kupaa na kuliona umbo zima kutoka juu. Je, anaweza kujua kama yuko kwenye mkeka au kwenye kawa? Anaweza, akiwa na kamba ya kupimia. Apime umbali kutoka katikati hadi ukingoni, kisha auzunguke ukingo wote akipima. Kwenye mkeka bapa mzunguko utakuwa takriban mara 6.28 ya umbali ule. Kwenye kawa utapungua. Kwenye ule wa mawimbi utazidi. Mpindo wa mahali unajulikana kwa vipimo vya ndani, bila kutoka nje kuangalia.

Gauss alishathibitisha mwaka 1827 kwamba mpindo wa uso wa kitu unaweza kujulikana kwa namna hiyo. Riemann akauliza swali ambalo linamweka binadamu mahali pa sisimizi. Nafasi tunamoishi, yenye urefu, upana na kina, nayo hatuwezi kutoka nje yake tukaitazama. Tumejuaje kwamba ni bapa? Tumerithi tu dhana hiyo. Akaonyesha namna ya kufikiria nafasi yenye vipimo vitatu, vinne, au idadi yoyote, na namna ya kupima mpindo wake hatua kwa hatua, sehemu moja ikiweza kupinda tofauti na nyingine. Jiometri ya Euclid ikawa mfano mmoja kati ya mingi. Ipi ni ya ulimwengu wetu, alisema, ni jambo la kupima.

Katika maelezo hayo alitenganisha mambo mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya: kutokuwa na mpaka, na kutokuwa na mwisho. Sisimizi juu ya chungwa anaweza kutembea maisha yake yote bila kugonga ukuta, na bado chungwa lina eneo linalohesabika. Huenda hata anga ni hivyo.

Tatizo la mwisho lilikuwa hadhira. Kitivo cha falsafa cha Göttingen kilikuwa na wanahistoria, wanafilolojia na wanafalsafa; wengi wao wasingeweza kufuata ubao uliojaa alama. Riemann akaandika mhadhara wote karibu bila fomula. Kwa wiki hizo tano hivi alikuwa akifanya kazi mbili kwa pamoja: kubuni tawi jipya la hisabati, na kulieleza kwa watu wasio wanahisabati. Mtu mmoja tu katika chumba kile angeweza kuona kina chake chote, na kufikia Pentekoste mtu huyo alikuwa mahututi kiasi kwamba waliomzunguka walihofia kumpoteza kabla mwaka haujaisha.

Hofu ya kijana inaeleweka hapo. Gauss akifa kabla ya mtihani, nani mwingine angejua alichokisikia? Aliombwa angoje hadi Agosti. Kwa ratiba haikuwa na hasara kubwa, kwa kuwa madarasa yake yangeanza msimu wa vuli. Lakini aliendelea kuomba. Ndivyo ikaja ile Ijumaa baada ya Pentekoste.

Jumamosi tarehe 10 Juni, saa 4:30 asubuhi, alisimama mbele ya kitivo. Saa 7 mchana alikuwa amemaliza na amefaulu. Richard Dedekind, rafiki yake aliyefaulu mtihani wa namna hiyohiyo Göttingen kabla mwezi huo wa Juni kwisha, ndiye aliyetuachia habari ya kilichofuata. Gauss alisikiliza kwa mshangao. Akitembea kurudi pamoja na Weber, alisifu kina cha fikra za Riemann kwa msisimko ambao kwake ulikuwa nadra sana. Wiki moja hivi baadaye, mzee huyo alipanda gari la farasi kwenda kutazama reli iliyokuwa ikijengwa kuelekea mjini. Farasi wakatimka na gari likamrusha nje, lakini hakuumia. Reli ilipofunguliwa mwishoni mwa Julai alikuwepo kuiona. Alifariki tarehe 23 Februari 1855.

Masimulizi ya aina hii huishia mara nyingi kwenye somo moja: shinikizo huzaa almasi. Kijana maskini, mada asiyoitarajia, mtihani wa ghafla, na matokeo yake ni kazi iliyobadilisha sayansi. Kalenda ya mwaka huo inasema jambo tofauti. Shinikizo kubwa lilikuwepo Januari, Februari na Machi, wakati kazi zote zilipomwelemea kwa pamoja, na matunda yake yalikuwa kitanda. Mhadhara ulipatikana baada ya Pasaka, alipopata nafasi yenye hewa, mwili uliopata nafuu, na kazi moja badala ya tatu. Fikra zenyewe zilikuwa zikiiva kwa miaka. Hazikuzaliwa na tarehe ya mwisho. Na kama kuna mtu wa nje wa kushukuriwa, ni mzee aliyejua swali lipi la kuuliza, si mfumo uliomwacha kijana bila senti akilijibu.

Mfumo huo uliendelea kumdai. Oktoba 1854 Riemann alifungua darasa lake la kwanza, juu ya milinganyo inayotumika katika fizikia. Hakutarajia watu. Wakaja wanane. Alifurahi kiasi cha kuiandikia familia: wanane, wengi kuliko alivyodhani! Kwa hesabu za leo hiyo ni semina ndogo. Kwake ilikuwa bajeti ya muhula.

Mwaka 1855 baba yake alifariki. Johann Dirichlet, aliyerithi kiti cha Gauss, alimpigania Riemann akapewa taleri 200 kwa mwaka, kipato chake cha kwanza cha uhakika. Mwaka 1857 akapandishwa kuwa profesa msaidizi kwa taleri 300. Mwaka huohuo Wilhelm, ndugu wa ile barua ya Desemba na mwenye kuwatunza dada zao, akafariki pia. Sasa dada waliobaki walimtegemea Bernhard. Uprofesa kamili aliupata mwaka 1859, Dirichlet naye alipofariki. Ukiitazama orodha hiyo vizuri, karibu kila hatua ya cheo au mzigo ilikuja na jeneza. Kifua kilimwangusha miaka michache baadaye. Alifia Selasca, kando ya Ziwa Maggiore nchini Italia, tarehe 20 Julai 1866, akiwa na miaka 39.

Mhadhara wa 10 Juni ulibaki kwenye karatasi zake. Hakuuchapisha maishani mwake. Ni Dedekind aliyeutoa hadharani mwaka 1868, miaka 14 baada ya ile Jumamosi. Riemann alikuwa ameufunga kwa kusema kwamba sababu ya nafasi kuwa na vipimo ilivyonavyo inabidi itafutwe katika nguvu zinazotenda juu yake, na kwamba hapo hisabati inasimama mlangoni mwa fizikia. Mlango huo ulifunguliwa baadaye. Mwaka 1912 Einstein, akiwa Zürich, alimwendea rafiki yake Marcel Grossmann kutafuta hisabati ya nafasi iliyopinda, na Grossmann akamwelekeza kwenye kazi iliyoanzia kwa Riemann. Novemba 1915 milinganyo ikakamilika: maada hupinda nafasi na wakati, na mpindo huo ndio tunaouita mvutano.

Leo dereva wa bodaboda anayefuata ramani kwenye simu anautumia mhadhara ule bila kujua. Saa zilizo kwenye setilaiti za GPS hukimbia mbele ya saa za ardhini kwa takriban sekunde milioni-moja 38 kila siku, yaani sehemu 38 kati ya milioni moja za sekunde, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na mpindo huohuo. Isiporekebishwa, kosa la mahali lingeongezeka kwa kilomita kama kumi kwa siku.

Lakini katika barua za vuli ya 1854 hakuna setilaiti wala Einstein. Kuna mwalimu mgeni anayewaeleza watu wa nyumbani kwamba woga wa siku za mwanzo umepungua kidogo, na kwamba anajifunza kuwafikiria wanafunzi kuliko kujifikiria mwenyewe. Anawatazama usoni wale wanane ili ajue kama aendelee mbele, au arudie maelezo.